Mwendo

Nilirudisha ufunguo wa droo, kalamu ya kampuni,
kitambulisho na kamba yake.
Mlinzi akanipekua begi: sweta, mswaki,
kopo la karanga lisilo na karanga.
Mkono hakuukagua.

Miaka kumi na mmoja, Mikocheni, ghorofa ya tano,
kiyoyozi kikivuma kama mzinga,
nilimtembeza Bibi Kanga.
Picha ishirini na nne kwa kila sekunde,
na katika kila hatua mguu mmoja unachelewa kidogo,
kama mtu aliyekumbuka kitu njiani
halafu akaamua basi.
Aliuza dawa ya meno. Aliuza unga. Aliuza bima.
Watoto walichechemea naye hadi shuleni.
Na mkataba, ukurasa wa tisa, ulisema:
kitakachozaliwa mezani ni mali ya meza.

Kitonga tuliipanda usiku,
lori mbele yetu likihema kila kona,
na baridi ya kwanza ikaingia dirishani bila tiketi.

Studio yetu iko Mashine Tatu, juu ya duka la pembejeo.
Chumba kinanuka mbolea ya kukuzia.
Meza ya mwanga ni kioo cha dirisha la nyumba iliyobomolewa,
chini yake balbu ya banda la vifaranga.
Tuko watatu: mimi,
Gaudensia Mgongolwa aliyeacha kushona sare,
na Kastory, mwenye kompyuta yenye homa.
Fundi wa vibao aliuliza aandike jina gani.
Tukabishana wiki nzima.
Ubao bado mweupe.

Umeme ukikatika tunachorea dirishani,
ukungu ukishaondoka, yaani saa tatu.
Jioni nyumbani wanauliza: leo mmemaliza kiasi gani?
Sekunde mbili.
Wanacheka mpaka chai inamwagika.
Mjomba Eusebio, mgema wa ulanzi, hacheki.
Anauliza tu, mnakata mara ngapi kwa siku.

Kisha barua, karatasi nzito, muhuri mwekundu.
Wamesikia.
Mwendo ule wa kuchechemea ni mali ya kampuni,
hauruhusiwi kutembea popote bila idhini ya maandishi.
Kastory aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.
Gaudensia akaigeuza, akaona nyuma kuna nafasi,
akachora kidole gumba cha mguu.

Nikaenda sokoni Kihesa kumwambia mama
kwamba nilimuuza.
Alikuwa anapanga nyanya kwa mafungu,
kubwa juu, zilizobonyea chini.
Maneno hayakutoka. Nikamwonyesha simu:
tangazo la unga, sekunde thelathini.
Akatazama. Akafuta kioo kwa upindo wa kanga,
akatazama tena.
"Nani huyu?"
Ni wewe, mama. Huo ni mwendo wako.
"Wangu mbovu ni huu wa kushoto,"
akaupiga kofi kama ng'ombe mkaidi,
"tangu lile lori la mbao la Mafinga.
Huyu wako anaumwa kulia."

Nilisimama katikati ya nyanya.
Nilikuwa mtoto wa kutangulia,
ndoo kichwani, nikigeuka kila hatua chache
kuhakikisha bado anakuja.
Nilimjua kwa mbele tu, kama unavyojijua kwenye kioo,
na hivyo hivyo, kulia kushoto, kushoto kulia,
nikambeba hadi Dar es Salaam
nikamtia sahihi.

Basi wabaki na mguu wa kulia.
Hati wanayo.
"Sogea," mama akasema, "unanizibia wateja."

Leo nimemwomba atembee,
kutoka mashine ya kusaga hadi bombani,
safari moja tu, kama siku zote.
Mimi niko nyuma yake na daftari,
penseli imefungwa uzi shingoni.
Anaona haya. Anakwenda haraka mno.
Mguu wa kushoto unagusa vumbi, unafikiri, unafuata.
Sijachora hata mstari mmoja
anasimama, anageuka, mkono kiunoni,
anatazama huku nyuma nilipo:
"Unakuja?"